Sumukuvu kwenye chakula cha kuku: jinsi ya kuizuia kabla haijafika kwenye kilishio

Mfugaji anayechanganya chakula mwenyewe hukagua mambo mawili anapofika dukani: bei na harufu. Bei ataambiwa, harufu ataipima kwa kuchota kiganja cha pumba na kukinusa. Pua inasaidia kukwepa pumba zilizooza, lakini kwa sumukuvu haifui dafu. Sumu hii haina harufu, haina ladha, haina rangi. Ukungu ulioizalisha unaweza kuwa umeshakauka na kupukutika, gunia likaonekana safi, na sumu ikabaki ndani ya punje vilevile. Kusaga hakuiondoi. Kuanika hakuiondoi. Hata kuchemsha hakuiondoi, maana aflatoksini, aina ya sumukuvu inayotusumbua zaidi ukanda huu, huvumilia joto kubwa kupita la jiko la nyumbani.

Kwa hiyo kazi yote iko kwenye kuizuia isiingie. Mwongozo huu nimemwandikia hasa mfugaji mwenye kuku mia mbili hadi elfu mbili hivi, anayenunua mahindi, pumba na mashudu kisha akachanganya mwenyewe au akachanganyiwa kwenye mashine ya mtaani. Anayenunua chakula cha kiwandani naye atapata la kwake, hasa kwenye hifadhi na vilishio.

Kwanza, kwa nini kuku

Sumu haikai sawasawa ndani ya punje ya mahindi. Sehemu kubwa hukaa kwenye ganda na kiini. Mashine ya kukoboa inapotoa sembe nyeupe kwa ajili ya ugali wetu, ganda na kiini vinatoka upande wa pili kama pumba. Mahindi yaleyale, gunia lilelile: sembe inabaki na sumu kidogo, pumba zinabeba iliyobaki. Na pumba ndizo zinazokwenda bandani. Jumlisha na chenga zilizobaki kwenye sakafu ya ghala, mahindi yaliyotobolewa na dumuzi, na yale yaliyonyeshewa shambani ambayo mama mwenye nyumba ameyatenga pembeni akisema hayafai kusaga, apewe kuku. Hasara nyingi za ufugaji wa kuku huanzia kwenye uamuzi huo mdogo, na ndiyo sababu naona mapambano yenyewe yako kwenye kuchagua na kuchekecha, kabla hujafikiria dawa yoyote ya dukani.

Tena aflatoksini iligundulika kupitia ndege. Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya laki moja walikufa katika kipindi cha miezi michache, na uchunguzi ukaishia kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Kwetu imejulikana zaidi kwa misiba ya watu. Kenya mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo ya jirani, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu. Tanzania mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara, walikufa watu wapatao 20. Mahindi ya namna hiyo yakikataliwa jikoni, mara nyingi safari yake inayofuata ni kwa mifugo.

Hatua ya 1: Zijue dalili, maana kuku hafi mara moja

Sumu nyingi kwa mkupuo huua, lakini hilo ni nadra. Kinachomfilisi mfugaji ni sumu ndogondogo ya kila siku. Broila wanakula vizuri na hawaongezeki. Kundi la umri mmoja linakuwa na wakubwa kwa wadogo. Mayai yanapungua, na yanaweza kuchelewa kupungua wiki kadhaa baada ya kuku kula chakula kibaya, kiasi kwamba mfugaji ameshamaliza gunia lenye kosa na sasa analaumu lililopo. Unamnyonyoa kuku unakuta michubuko na damu chini ya ngozi bila kujua aligongwa wapi.

Baya zaidi ni kwamba aflatoksini hudhoofisha kinga ya mwili. Umechanja kideri kwa ratiba, umechanja gumboro, chanjo umeisafirisha kwenye barafu, na bado ugonjwa unaingia. Mfugaji anamlaumu muuza chanjo. Inawezekana ana haki. Lakini kabla ya kugombana naye, kagua chakula.

Kuku akifa, mpasue au mpelekee mtaalamu wa mifugo ampasue. Ini lenye afya lina rangi ya hudhurungi iliyoiva, limenyooka kingo, ukilibonyeza linarudi. Ini la kuku aliyekula aflatoksini kwa muda huwa limepauka, linaelekea njano, limevimba, mara nyingine lina vidoa vya damu, na ukilibana kati ya vidole viwili linamegeka kama maandazi ya jana. Hapa kuna tahadhari mbili. Kifaranga wa siku za mwanzo ana ini la njano kwa kawaida, kwa sababu bado anatumia kiini cha yai. Na mtetea aliye kwenye kutaga sana anaweza kuwa na ini lenye mafuta, la njano pia. Ini peke yake halitoi hukumu. Linakuambia tu ukatazame gunia.

Aflatoksini si sumukuvu pekee. Okratoksini hushambulia figo: utazikuta zimevimba na kupauka, na kuku waliokuwa hai walikunywa maji kupita kawaida, maranda yakawa yameloa kila asubuhi. T-2 huacha vidonda vyenye utando wa njano mdomoni, kwenye ulimi na pembeni mwa mdomo, na kuku wanagomea chakula. Fumonisini inapatikana sana kwenye mahindi yetu. Kuku huivumilia kuliko farasi au nguruwe, ila ikiungana na aflatoksini, madhara yanazidi. Zikumbuke hizi, maana tutakapofika kwenye dawa ya kufunga sumu utaona haifanyi kazi sawa kwa zote.

Ukiwa na bata au batamzinga nyumbani, wao ndio wanaoumia mapema. Kuku ana uvumilivu kidogo, bata hana. Chakula ulichokitilia shaka kwa kuku usikisogeze kwa bata.

Hatua ya 2: Chagua malighafi kwa hatari yake

Usizikague malighafi zote kwa nguvu ileile, utachoka. Mashudu ya karanga na ya pamba ndiyo ya kuogopwa zaidi, yanafuatiwa na pumba za mahindi, kisha mahindi yenyewe. Mashudu ya alizeti nayo yana rekodi ya kubeba aflatoksini, hasa yakitoka kwa mkamuaji anayeanika mbegu chini. Soya ina nafuu. Dagaa tatizo lao kubwa ni mchanga na kuoza, ingawa wakihifadhiwa na unyevu wanaota ukungu kama kitu kingine chochote.

Ushauri wangu ambao wengi wanaona ni usumbufu: nunua mahindi mazima, usinunue yaliyokwisha parazwa. Punje nzima inajieleza. Ikishaparazwa, iliyooza na nzima zinafanana. Na mahindi yaliyosagwa huota ukungu haraka kuliko mazima, kwa sababu ganda lililokuwa linalinda limeshafunguliwa.

Kwa pumba, ukiweza tafuta mashine inayokoboa mahindi ya watu wanaoyala wenyewe, ufike siku ya kukoboa, uone yanayomiminwa kwenye mdomo wa mashine. Pumba za siku hiyo, kutoka kwa mahindi uliyoyaona kwa macho, ni bora mara nyingi kuliko za dukani zilizokaa miezi hakuna anayejua wapi. Kama huna njia hiyo, punguza kiasi cha pumba kwenye chakula cha vifaranga, uongeze mahindi yaliyochambuliwa. Gharama itapanda kidogo. Kifaranga ndiye asiye na uwezo wa kubeba sumu, na wiki zake za kwanza ndizo zinazoamua uzito wa mwisho, kwa hiyo hapo ndipo pa kutoa hela.

Ukifika ghalani, usiridhike na gunia la juu wala na mdomo wa gunia. Omba bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea sampuli ndani ya gunia. Choma katikati na chini kwenye gunia zaidi ya moja, na mkono wako uingie ndani uhisi kama kuna joto. Gunia lenye joto ndani lina unyevu na wadudu wanaofanya kazi. Liache hapo hapo hata ukipunguziwa bei.

Anayelima mahindi yake mwenyewe ana nafasi kubwa zaidi kuliko anayenunua, kwa kuwa kuvu huanzia shambani, hasa ukame ukipiga wakati wa mahindi kutoa mbelewele. Kuna bidhaa iitwayo Aflasafe, iliyobuniwa na taasisi ya utafiti wa kilimo IITA pamoja na watafiti wa Marekani: ni punje za mtama zilizopakwa kuvu wa aina isiyotoa sumu, zinazotawanywa shambani kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kuchanua. Kuvu hao wanawahi nafasi, wale wenye sumu wanakosa pa kukaa. Tanzania na Kenya zote zina aina zake zilizosajiliwa. Baada ya hapo vuna kwa wakati, usiyaache yakasubiri mvua ya pili yakiwa yamesimama, anika juu ya turubai na si juu ya udongo, na upukuchue kwa mashine au kwa mkono badala ya kuyatwanga kwa fimbo ndani ya gunia. Punje iliyopasuka ni mlango uliofunguliwa.

Hatua ya 3: Pima unyevu kwa chupa na chumvi

Viwango vya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Kung'ata punje kwa meno na kusikiliza mlio ni kipimo cha wazee na kina maana yake, ila hakitofautishi asilimia 13 na 16, na kati ya namba hizo mbili ndipo ukungu unapoamua kuota au kutoota.

Kama huna kipimo cha umeme, fanya hivi. Chukua chupa kavu ya kioo ya mililita 750 yenye mfuniko. Weka mahindi yafike kama theluthi ya chupa. Ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu. Chumvi yenye unyevu itakudanganya, kwa hiyo ianike au ikaange kwanza ikauke kabisa, kisha ipoe. Funga, tikisa kwa dakika moja, acha itulie dakika 15. Ukiona chumvi imeganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15: yarudi juani. Ikidondoka yote chini, yako chini ya 15.

Sasa angalia, chini ya 15 si sawa na 13.5. Mahindi yaliyofaulu mtihani wa chumvi yaongeze siku moja au mbili za jua kali ndipo uyafunge. Na uchukue sampuli kutoka magunia mbalimbali. Gunia moja lililokaa chini ya bati linalovuja linatosha kuharibu jirani zake.

Hatua ya 4: Chekecha, pepeta, chambua

Hapa ndipo faida ilipo, na vifaa vyake ni chekecheke na mikono.

Katika gunia la mahindi lenye aflatoksini, punje nyingi hazina sumu kabisa au zina kidogo sana. Sumu imejazana kwenye punje chache: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa, zilizopasuka, na katika vumbi linalobaki chini ya gunia. Ukizitoa hizo umetoa sehemu kubwa ya sumu huku ukipoteza uzito mdogo tu.

Tandika turubai. Chekecha mahindi kwa chekecheke lenye matundu yanayopitisha chenga na vumbi lakini si punje nzima. Kinachodondoka ndicho kila mtu hukikusanya na kukirudisha kwenye chakula cha kuku. Usikirudishe. Kisha pepeta, makapi na punje nyepesi ziende na upepo. Mwisho sambaza kilichobaki kwa tabaka jembamba na uchambue kwa macho: toa punje za kijani-njano, za kijivu, zenye rangi ya waridi au zambarau, zenye weupe wa unga kwenye kiini, na kila iliyotobolewa. Watu wawili waliozoea hulimaliza gunia la kilo 100 asubuhi moja bila kuharakisha. Vaa barakoa. Vumbi la ukungu halifai kwa mapafu yako, na wachambuaji wengi hukohoa wiki nzima wakidhani ni mafua.

Pumba huwezi kuzichambua, unaweza kuzikagua tu. Zimwage kwenye turubai, vunja mabonge. Bonge lililoshikamana na lenye nyuzinyuzi nyeupe au kijani ndani ni ushahidi kwamba maji yaliingia. Kulitoa bonge hakutoshi, maana sumu imeshaenea zaidi ya ukungu unaouona. Gunia lenye mabonge kadhaa lisitumike.

Hatua ya 5: Hifadhi

Weka magunia juu ya chaga, sentimita 15 au zaidi kutoka sakafuni, na yasiguse ukuta. Acha nafasi ya mtu kupita. Sakafu ya saruji hutoa unyevu usiku hata kama haijavuja. Ukanda wa pwani, kuanzia Mtwara hadi Mombasa, hewa yenyewe ina maji, na wakati wa masika chakula kilichokaa wazi hunyonya tena unyevu ambao kilikwisha kuupoteza. Ghala lipate hewa mchana jua likiwaka, lifungwe usiku na mvua ikinyesha.

Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri kwa mahindi mazima. Wadudu hufa kwa kukosa hewa, na wadudu ndio wanaotoa joto na unyevu unaoamsha ukungu. Sharti lake ni moja tu nalo ni zito: mahindi yawe makavu kabla ya kufunga. Ukifunga mahindi yenye unyevu humo, umeyapika.

Chakula kilichokwisha kuchanganywa kisikae zaidi ya wiki mbili, pwani hata pungufu ya hapo. Changanya kinachotosha. Punguzo la kusaga tani nzima kwa mara moja haliwezi kulipia kundi lililodumaa. Kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Andika tarehe kwenye gunia kwa kalamu ya wino mzito.

Hatua ya 6: Dawa za kuongeza, na mipaka yake

Kuna makundi mawili, na wauzaji huyachanganya.

La kwanza ni dawa za kuzuia ukungu, kama kalsiamu propioneti, kwa kawaida kilo 1 hadi 3 kwa tani. Zinazuia ukungu usiote. Sumu iliyokwisha kuwemo haziigusi. Ni nzuri kuziweka kwenye chakula kipya wakati wa masika. Hazifai kuokoa chakula kilichoharibika.

La pili ni vifunga sumu, ambavyo madukani utasikia vikiitwa toksini bainda. Vya kawaida ni udongo maalumu wa bentonaiti. Udongo huo huing'ang'ania aflatoksini ndani ya utumbo wa kuku, ikatoka na kinyesi badala ya kuingia kwenye damu. Kwa aflatoksini unafanya kazi vizuri, na Umoja wa Ulaya uliuidhinisha kwa kazi hiyo mwaka 2013. Kwa T-2, fumonisini na okratoksini msaada wake ni mdogo. Huko hutumika zaidi bidhaa zenye ganda la hamira au vimeng'enyo, ambazo bei yake ni ya juu.

Kiasi cha kawaida cha bentonaiti ni kilo 2.5 hadi 5 kwa tani, yaani gramu 250 hadi 500 kwa kila kilo 100 za chakula. Fuata maelezo ya pakiti yako. Usiimwage yote juu ya lundo: ichanganye kwanza na kilo mbili tatu za mahindi yaliyoparazwa, kisha hayo uyachanganye na kilo 20, ndipo yaingie kwenye lundo kubwa pamoja na premiksi, ule mchanganyiko wa vitamini na madini. Gramu mia tatu zilizomwagwa sehemu moja zitamfikia kuku mmoja kati ya kumi.

Kuna mambo ambayo muuzaji wa duka anaweza asikuambie. Bentonaiti hushika na vitu vingine. Ukiwatibu kuku kwa tailosini au antibiotiki nyingine ya jamii yake kwa njia ya mdomo, dawa inaweza kushikwa isifanye kazi, kwa hiyo visiende pamoja. Chakula chenye dawa ya kinga ya koksidi, ugonjwa wa kuhara damu, kisipewe bentonaiti zaidi ya kilo 5 kwa tani, na kama dawa hiyo ni robenidini usivichanganye kabisa.

Usichimbe udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu ukaweka kwenye chakula kwa kudhani ni uleule. Mwaka 1997 nchini Marekani udongo wa mfinyanzi uliochanganywa kwenye chakula cha kuku na samaki ulikutwa na dioksini, sumu mbaya ya aina nyingine, na ulikuwa umetoka ardhini vivyo hivyo bila kiwanda chochote kuuchafua. Udongo wa dukani uwe na jina la mtengenezaji, tarehe na usajili.

Nasisitiza hili kwa sababu naliona kila mahali: mfugaji ananunua pumba za bei ya kutupa, anaongeza kifunga sumu, analala usingizi. Kifunga sumu kinapunguza, hakimalizi. Hakiwezi kubeba mzigo wa gunia lililooza.

Hatua ya 7: Bandani

Chakula safi kinaweza kuharibikia kwenye kilishio. Kuku anakunywa, anarudi kula mdomo ukidondosha maji, na chini ya kilishio linajengeka gamba la chakula kilicholoa ambalo halimwagwi kwa sababu juu yake kila siku kinaongezwa kipya. Geuza kilishio kimoja leo uone. Sogeza vyombo vya maji mbali kidogo na vilishio, jaza kiasi cha siku moja, acha kuku wamalize kabla ya kuongeza, na mara moja kwa wiki kwangua, osha, anika juani mpaka vikauke kabisa. Ndoo na mapipa ya kutunzia chakula vivyo hivyo, hasa pembe za chini. Maranda yaliyoloa yatolewe, kuku huokota chakula humo.

Hatua ya 8: Peleka maabara inapostahili

Si kila gunia linahitaji kupimwa. Pima unaponunua shehena kubwa ya msimu, au ukiona dalili za Hatua ya 1. Tanzania unaweza kuanzia kwa Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA, au Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kenya uliza KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo.

Makosa makubwa hayatokei maabara, yanatokea kwenye sampuli. Kwa kuwa sumu imejazana kwenye punje chache, kiganja kimoja kinaweza kuzikosa zote au kuzibeba zote. Choma kwa bambo kila gunia ikiwa hayazidi kumi, juu, katikati na chini, upate kama kilo 5 kwa jumla. Saga zote, changanya sana, ndipo utoe kilo moja ya kupeleka. Ifunge kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni, isije ikatoka jasho njiani.

Majibu huja kwa mikrogramu kwa kilo. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ya watu ni 10 kwa aflatoksini zote, na 5 kwa ile ya B1 iliyo kali zaidi. Marekani huruhusu hadi 20 kwenye chakula cha ndege wachanga na hadi 100 kwenye mahindi ya kuku waliokomaa. Mimi ningeshika 20 kwa kundi lolote, na chini zaidi kwa vifaranga, kwa sababu kuku wetu wanakabiliana na kideri, joto na minyoo kwa wakati mmoja.

Hatua ya 9: Sumu ikishaingia

Acha kulisha gunia hilo siku hiyohiyo, usisubiri liishe. Weka kilo moja pembeni kwa ajili ya kipimo. Wape chakula safi, hata kama ni ghali, chenye protini na methionini (kijenzi cha protini) iliyoongezwa kidogo, na vitamini kwenye maji ya kunywa, hasa zenye A, E na K. Ini lililoumia linazihitaji, na K husaidia damu kuganda. Dawa inayoondoa aflatoksini mwilini haipo. Kama kuku walichanjwa wakiwa katikati ya ulaji huo, muulize daktari wa mifugo kama kuna haja ya kurudia, maana mwili uliodhoofika huitikia chanjo vibaya. Mayai hayatarudi kesho. Hesabu kwa wiki.

Kiasi kinachopita kwenda kwenye yai ni kidogo mno. Ini ndilo linalobeba zaidi, kwa hiyo kuku wa kundi lile wakichinjwa wakati huo, maini yasiliwe.

Limebaki gunia lenyewe. Wengi huwapelekea ng'ombe, wakiamini mnyama mkubwa atahimili. Ng'ombe wa maziwa ndiye asiyestahili kabisa kulipata: asilimia 1 hadi 2 ya aflatoksini B1 aliyokula hutoka kwenye maziwa ikiwa imegeuka aina nyingine ya aflatoksini iitwayo M1, kwa wanaokamuliwa sana inaweza kufika 6, na maziwa hayo yanaishia kwenye kikombe cha mtoto. Mbwa naye huathirika haraka. Usiwape nguruwe, usimwage kwenye bwawa la samaki, usimuuzie jirani kwa nusu bei. Usichanganye na chakula kizuri ili kupunguza makali, kwani bila kipimo hujui unapunguza kutoka kiasi gani kwenda kiasi gani. Lichimbie shimo refu mbali na kisima, ulifukie. Na kabla hujapata wa kuchimba, lipake rangi nyekundu ubavuni na ulitoe nje ya stoo ya chakula, kwa sababu kijana wa zamu ya asubuhi akilikuta limesimama na mengine, atalifungua na kulisha.